Matunda Si Chakula cha Wagonjwa Pekee

Mgonjwa akilazwa hospitali, jamaa na majirani humwendea na machungwa. Hii ni desturi yetu ya miaka mingi, na ni desturi njema. Utawaona watu wamesimama langoni wakingoja saa ya kutazama wagonjwa, kila mmoja na kifuko chake: machungwa manne, ndizi mbivu chache, pengine na nanasi. Mtu ambaye tangu mwaka uanze hakuonja hata chenza moja, siku hiyo kando ya kitanda chake hugeuka genge. Akipona na kurudi nyumbani, matunda nayo hukoma. Hukaribishwa kwa ugali na maharage, wala hakuna anayelikumbuka chungwa tena mpaka augue mara ya pili.

Ndugu msomaji, jambo hili lastahili kufikiriwa. Ikiwa twaamini kwamba tunda lina nguvu ya kumwinua mtu kitandani, kwa nini tusiamini ya kuwa laweza pia kumzuia asifike huko? Wataalamu wamefanya utafiti mwingi juu ya kulima matunda, na mwingine juu ya kuyala. La ajabu ni kwamba mambo haya mawili hayafuatani siku zote. Yako mashamba yenye matunda tele, na ndani ya uzio huo huo wako watoto wasioyala. Juma hili tutazame kwa nini huwa hivyo, na nini cha kufanya.

Machungwa ya Mombasa

Kwanza tuanze na kisa cha zamani, maana kimetokea katika mwambao wetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa zikiwa na mabaharia wagonjwa. Ugonjwa wao ulikuwa kiseyeye. Mwenye kiseyeye huvimba ufizi na kutoka damu, meno yake hulegea, miguu hujaa, makovu ya zamani hufunguka upya, na asipotibiwa hufa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea Wareno hao kondoo, na pamoja naye machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mmoja wa wasafiri aliandika habari za safari hiyo, na maandishi yake yamehifadhiwa hadi leo. Alieleza kuwa walipofika katika mji huo wagonjwa wao wote walipata afya, kwa kuwa hali ya hewa ya mahali pale ni nzuri mno.

Hewa! Machungwa aliyaandika na uponyaji aliuandika, lakini hakuviunganisha. Sifa zote alizipa upepo wa bahari. Wakati wa kurudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, wakafa watu 30 njiani. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499 wagonjwa wenyewe ndio walioyatamani machungwa, na nahodha akamtuma mtu pwani kuyatafuta. Yaliletwa, ila kwa wengi wao yalikuwa yamechelewa.

Ilipita miaka karibu 250 kabla ya mtu kulichunguza jambo hilo kwa utaratibu. Mwaka 1747 daktari mmoja Mskoti, James Lind, akiwa katika merikebu ya vita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Chakula chao kilikuwa kimoja, lakini kila jozi ilipewa dawa yake. Kulikuwa na waliopewa siki, na wengine maskini wakanyweshwa maji ya bahari. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Baada ya siku sita matunda yakawa yamekwisha, na mmoja wa hao wawili alikuwa tayari kurudi kazini. Mwenzake aliwekwa kuwauguza waliobaki.

Mtu angedhani kwamba kesi ilikuwa imekwisha. Haikuwa hivyo. Lind alitoa kitabu chake mwaka 1753, na jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau mwaka 1795. Sababu moja ya kuchelewa ilitoka kwa Lind mwenyewe: ili maji ya matunda yadumu safarini, alishauri yapashwe moto mpaka yawe mazito. Kumbe ile nguvu inayoponya kiseyeye huharibiwa na moto. Nguvu hiyo twaiita leo vitamini C, na mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, miongoni mwa mambo mengine kwa kazi yake juu ya vitamini hiyo. Akina mama wanaochemsha maji ya ukwaju au ya machungwa kwa muda mrefu ili yasiharibike wamkumbuke Lind.

Damu na macho

Kiseyeye hatukioni sana siku hizi, na huenda msomaji akasema kwamba basi hana haja ya chungwa. Tuzungumze basi juu ya damu.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 idadi ilikuwa 45 katika kila 100. Malaria ina sehemu yake katika hesabu hiyo, na minyoo vilevile, lakini sehemu kubwa ni ukosefu wa madini ya chuma. Nyama ingesaidia sana, ila nyumba nyingi hula nyama kwa nadra. Chuma chetu cha kila siku hutoka katika maharage, kunde, mchicha na kisamvu, na chuma cha mimea ni kigumu kwa tumbo kukichukua. Hupita tu na kwenda zake.

Hapa ndipo tunda linapofanya kazi ambayo wengi wetu hatuijui. Vitamini C ikikutana tumboni na chuma cha maharage, hukilainisha kikaingia mwilini kwa wingi zaidi. Lakini ni lazima vikutane. Chungwa linaloliwa saa kumi jioni halisaidii maharage yaliyoliwa adhuhuri. Tunda na liliwe pamoja na chakula au mara tu baada yake. Kwa upande wa pili, chai hufanya kinyume: ile rangi yake hukishika chuma na kukizuia. Mama mja mzito anayekula ugali kwa maharage na kuteremshia kwa chai ya rangi anajinyang'anya kwa mkono wa kushoto alichojipa kwa mkono wa kulia. Chai isubiri saa moja au mbili. Mahali pake pakae kipande cha papai, au pera.

Nimelitaja pera kwa makusudi. Ni tunda linalodharauliwa, wengi huliona la watoto wa shule na ndege. Lakini ukipima uzito ulio sawa, pera lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa. Mapera mawili madogo, ambayo aghalabu huokotwa bure, yanatosha mahitaji ya mtu mzima ya siku nzima na kubaki.

Tuje kwenye macho. Utafiti kama huo wa mwaka 2010 ulikuta kwamba theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka mitano hawakuwa na vitamini A ya kutosha. Mtoto wa namna hiyo huanza kwa kutoona vizuri jioni. Hujikwaa, hukataa kutoka nje giza likiingia, na wazazi hudhani ni mwoga. Upungufu ukizidi, jicho huharibika kabisa, na hata kabla ya kufika huko kinga ya mwili huwa imekwisha punguka, surua na kuhara vikimpata huwa vikali. Kwa sababu hiyo watoto hupewa matone ya vitamini A kliniki, na wazazi wasiache kuwapeleka. Hata hivyo, matone ni ya mara mbili kwa mwaka, na mtoto hula kila siku.

Vitamini A ya mimea hutokana na rangi ya manjano iliyokolea, ile tunayoiona katika embe na papai lililoiva na katika boga. Mboga za majani nazo zinayo, ingawa ukijani wake huificha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa majani na matunda vina faida sawa. Watafiti huko Indonesia walilipima jambo hilo kwa watoto wa shule, na mwaka 1998 wakatangaza kuwa matunda ya rangi ya machungwa yaliongeza vitamini A katika damu ya watoto vizuri zaidi kuliko majani ya kijani. Hii haina maana kwamba mchicha uachwe. Mchicha una kazi zake nyingi. Maana yake ni kwamba mtoto mdogo ambaye hawezi kumaliza bakuli la matembele, kipande cha papai kitamfikisha kwa njia fupi. Chakula chake kiwe na mafuta kidogo, maana vitamini hii husafiri kwa mafuta.

Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu ale gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo. Tusiogope tarakimu hiyo. Chungwa moja la kadiri, kipande cha papai cha upana wa kiganja, na mboga ya kawaida mchana na jioni, gramu 400 zimetimia.

Desemba tele, Aprili kavu

Sasa twende shambani. Mwembe wa pwani huzaa sana kati ya Novemba na Februari. Miezi hiyo maembe huoza chini ya mti, na sokoni ndoo nzima huuzwa kwa bei isiyolipa hata nauli. Machi ikipita, mwembe umenyamaza. Machungwa ya Muheza nayo hujaza malori katikati ya mwaka, kisha hupungua. Kati ya misimu hiyo ipo miezi ambayo nyumba yenye miembe kumi haina tunda hata moja la kumpa mtoto. Vitamini A mwili waweza kuiweka akiba katika ini kwa miezi kadhaa, lakini vitamini C haina ghala la kudumu. Embe la Desemba halimlindi mtu hadi Mei.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa miti na kilimo, ICRAF, ambacho makao yake makuu yako Nairobi, kimelifanyia kazi suala hili pamoja na wakulima wa Machakos, na taarifa yake moja ilitolewa mwaka 2019. Watafiti hawakuanza kwa kuuliza mti gani unaleta fedha nyingi. Waliwauliza wakulima ni miezi gani chakula huwapungukia, miti gani wanayo tayari, na kila mti huiva lini. Kisha wakapanga orodha ya miti, ya asili na ya kigeni pamoja, kwa namna ambayo tunda hili likimalizika jingine linaiva, mwaka mzima, na miezi ya njaa ikapewa kipaumbele.

Wazo hili ni jepesi mno hata mtu hujiuliza kwa nini halikufundishwa zamani. Nadhani sababu ni kwamba bwana shamba alitumwa kufundisha zao, wala hakutumwa kufundisha mlo. Mradi wa maembe ulileta maembe, na mradi wa machungwa machungwa. Mtu akapanda ekari nzima ya kitu kimoja kinachoiva siku moja.

Msomaji aweza kuifanya orodha yake mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Aandike miezi 12, na mbele ya kila mwezi aandike tunda lililo uani kwake. Mapengo yatajionyesha. Ndizi na papai havina msimu mkali. Hivyo viwili peke yake huziba mapengo mengi. Kiangazi kina ubuyu na ukwaju, na miti hiyo haitaki maji yetu wala mbolea. Nyanda za juu kusini kuna parachichi, penye joto na mvua kuna fenesi na stafeli, na pasheni hutambaa juu ya uzio wowote. Tusiyasahau matunda ya porini: kunazi, ng'ongo, mabungo, furu. Wazee wetu hawakuyaita vitamini, ila mchunga ng'ombe alirudi jioni na shuka yenye madoa yake.

Mwizi wa embe la baba yake

Lakini mti kuwapo hautoshi. Nimesema hapo mwanzo kwamba kuna watoto wasiokula matunda yaliyo ndani ya uzio wao, na sababu haisemwi hadharani.

Mchuuzi wa mjini huja maembe yangali machanga, huutazama mti, hupatana na mwenye mti, na hulipa kiasi. Tangu saa hiyo matunda yote yaliyo juu ni mali yake, ingawa mwembe uko hatua tano kutoka jikoni. Mtoto wa nyumba hiyo akiangua moja, ameiba. Nimewasikia wazee kwa masikio yangu wakiwafokea watoto wao kwa embe la baba yao wenyewe. Siku ya kuvuna lori huja, hupakia, huondoka. Yaliyobaki chini ni yale yaliyopasuka na yenye funza. Hayo ndiyo ya nyumbani. Fedha iliyopatikana hununua sare za shule na mabati, mambo ya lazima hayo, lakini ni nadra kununua tunda jingine. Utafiti wa lishe katika nchi nyingi umekwisha onyesha jambo hili: mavuno yakiongezeka, au fedha ikiongezeka, lishe ya mtoto haiongezeki yenyewe mpaka mtu aamue iongezeke.

Na nani wa kuamua? Katika nyumba nyingi mwembe ni wa baba na mchicha ni wa mama. Anayepika hana sauti juu ya mti, na mwenye sauti juu ya mti hapiki. Mapatano na mchuuzi yafaa yafanywe wote wawili wakiwapo, na yaanze na neno moja: fungu la nyumba. Mti ule ulio karibu na jiko haumo katika biashara. Au kama mti ni mmoja tu, matawi ya upande wa mashariki hayamo. Mchuuzi atalalamika, kisha atakubali. Yeye kazi yake ni kulalamika.

Tena wako wasioweza kupanda kabisa. Katika sehemu nyingi za mwambao mti na ardhi ni mali mbili mbalimbali. Kiwanja chaweza kuwa cha huyu na mnazi wa yule. Kupanda mti wa kudumu ni kama kudai kuwa mahali pale ni pako. Ndiyo maana mwenye shamba humruhusu mpangaji alime mihogo lakini humkataza asipande mwembe. Si roho mbaya, ni hofu ya kesi. Kwa mpangaji wa namna hiyo dawa ni mipapai na mipasheni, ambayo maisha yake ni mafupi na haijengi madai ya ardhi. Aombe ruhusa kwanza, mbele ya shahidi.

Ndizi ya Pohnpei

Wako watakaosema kwamba watu hawabadiliki, kwamba aliyezoea wali na soda hatarudi kwenye tunda la kwao. Nitawapa mfano wa mbali, ila tunda lake ni ndizi, na ndizi hakuna kwetu asiyeijua.

Katika Bahari ya Pasifiki kiko kisiwa cha Pohnpei, katika Shirikisho la Mikronesia. Wenyeji wake walikula ndizi, mashelisheli na samaki. Kisha mchele, unga wa ngano na vyakula vya makopo vikaja kwa meli, vikawa ndicho chakula cha mtu mwenye heshima. Miaka ya 1990 ilijulikana kuwa karibu nusu ya watoto wadogo wa huko walikuwa na upungufu wa vitamini A, kisiwa kikiwa kijani tupu. Mtaalamu wa lishe, Lois Englberger, akaanza kuwauliza wazee juu ya ndizi zao. Wakamtajia ndizi iitwayo Karat, ambayo zamani wazazi waliwaanzishia watoto wachanga chakula kwayo, na ambayo ilikuwa imeanza kuachwa. Nyama yake ni ya manjano iliyokolea. Ilipopimwa maabara ilikutwa na ile rangi ya vitamini A kwa wingi usiofanana kabisa na ndizi nyeupe za madukani.

Englberger na wenzake wa kisiwani hawakuishia kwenye maabara. Walitoa mabango ya aina za ndizi, wakazungumza redioni na mashuleni, na picha ya Karat ikachapwa katika stempu za posta. Watu waliokuwa wakiona haya kuuza Karat barabarani wakaanza kuiuza. Yeye alifariki mwaka 2011. Wazo la ndizi yenye vitamini A limefika hata katika kanda yetu: watafiti wamepeleka aina za ndizi za namna hiyo kwa wakulima wa Burundi na mashariki ya Kongo wazijaribu, kwanza shambani, kisha sufuriani. Hatua hii ya sufuriani ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Ndizi isiyopendeza mdomoni mwa mwenyeji, hata iwe na vitamini kiasi gani, itaishia kwa mbuzi.

Inzi na maji moto

Watafiti wetu nao wana kazi yao. Huko Tengeru, wilayani Arumeru, kiko kituo cha taifa kinachoshughulikia mboga na matunda. Miche iliyobebeshwa hutoka katika vituo kama hicho na katika vitalu vya watu binafsi. Mwembe wa mbegu hungojwa miaka sita, saba au zaidi. Uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, nao ni mfupi hata mama mwenyewe huweza kuangua bila kumwita mpandaji. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo tofauti hiyo ni kubwa.

Adui mkubwa wa sasa ni inzi wa matunda aliyetoka Asia. Alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa embe linaloanza kuiva na kutaga mayai ndani. Nje huoni ila kitone, ndani ni funza watupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi. Ipo mitego yenye harufu inayowavuta madume, lakini kazi ya kwanza haina gharama: matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yazikwe shimoni kina cha futi mbili, au yafungwe katika mfuko mweusi wa plastiki na kuanikwa juani. Funza wa embe moja lililoachwa chini ndio inzi wa shamba zima. Kazi hii ifanywe na majirani wote pamoja, maana inzi hajui mpaka.

Na kuna rafiki ambaye tumemwona adui. Wale sisimizi wekundu waitwao maji moto, wanaoshona majani na kumtia mtu adabu akipanda mti, huwinda wadudu waharibifu mchana kutwa. Wataalamu wa kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, waliwachunguza katika minazi, na tafiti nyingine zimewatazama katika mikorosho na miembe. Penye maji moto wengi, uharibifu hupungua. Kwa hiyo kabla ya kuwamwagia majivu na mafuta ya taa, mwenye mti na afikiri mara mbili. Ni walinzi wasiodai mshahara, ingawa tabia yao ni mbaya.

Kuanza na papai

Kwa asiye na mti hata mmoja, na aanze na papai, kwani huzaa kabla ya mwaka kutimia au mara tu baada yake. Chagua papai zuri lililoivia mtini, toa mbegu, zisugue katika majivu mpaka ule utando uondoke, zianike kivulini. Zioteshe katika mikebe au mifuko. Miche ikifikia kimo cha shubiri moja, chimba shimo lenye upana na kina cha futi mbili, changanya udongo wa juu na samadi, kisha panda miche mitatu pamoja, si mmoja. Mipapai mingi huwa ya kiume au ya kike, na huwezi kuitambua mpaka itoe maua. Dume huning'iniza maua yake kwa vikonyo virefu; jike hubandika ua lake kwenye shina. Ikishajitambulisha, acha jike mmoja na ng'oa wengine, ila katika kila mipapai kumi ya uani au ya majirani abaki dume mmoja. Papai huchukia maji yaliyotuama, kwa hiyo likae juu kidogo ya usawa wa ua. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kiangazi chote.

Tunda la kwanza likianza kuwa na michirizi ya manjano, angua, liweke ndani siku mbili tatu. Kata baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa bado wamekaa.

Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kukausha maembe ya Desemba kwa jua, na kwa nini yafunikwe chandarua.